Maji Niliyokunywa Bungu

Kama umelala na haya unasomewa na mtu mwingine, mwambie asome polepole, maana najua kichwa kinavyogonga. Mimi nimeshavuka. Nasimama mwenyewe, nakula ugali, na jana nimepalilia matuta mawili kabla jua halijanirudisha kivulini. Naandika kwa sababu nilipokuwa nimelala hakuna aliyenieleza mambo haya kwa maneno ya mtu aliyeyapitia. Na pia, nisiwe mwongo, naandika kwa sababu watu wa Handeni hawajaacha kuniuliza ilikuwaje mchemshaji maji wa kambi nzima akaugua kwa maji. Wanauliza kwa huruma, ila kicheko nakiona pembeni ya mdomo. Siwalaumu, ningekuwa wao ningecheka zaidi.

Mimi ni Mwajabu, wengi huniita Mama Asha. Ni mke mkubwa wa Rajabu, mkulima wa mahindi na ufuta nje kidogo ya mji. Asha alipoolewa na nyumba ikawa kimya, nilipata kazi ya kupikia kikosi cha wapimaji wa mipaka ya vijiji. Walikuwa watu tisa pamoja na mkuu wao, Bwana Elia. Tulilala kwenye mahema porini, wiki mbili hapa, wiki tatu kule, kadiri mipaka ilivyotupeleka. Nilidhani nimeajiriwa kupika tu. Siku ya kwanza Bwana Elia aliniita pembeni, akanionyesha madumu matupu yaliyopangwa kando ya hema la jiko.

"Mama Asha, wali ukiungua tutaula hivyo hivyo. Lakini watu wangu wakiharisha, kazi imekufa. Kwa hiyo wewe kwanza ni mtu wa maji, halafu ndiyo mpishi."

"Sawa, Bwana Elia. Na wali hautaungua."

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Maji yetu yalitoka lamboni, na lambo la Handeni mwishoni mwa kiangazi linahitaji moyo kulitazama. Ng'ombe wa Wamasai wanaingia mpaka magotini, punda wanasubiri zamu, na sisi binadamu tunachota upande wa pili tukijifanya hatujaona. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Ukijaza dumu jioni, asubuhi unakuta tope la vidole viwili limekaa chini.

Nilifanya kama nilivyozoeshwa kwetu tangu nikiwa msichana. Nilimenya mbegu kavu za mlonge, nikazitwanga mpaka zikawa unga mweupe, nikaukoroga unga ule kwenye kikombe cha maji na kuumimina ndani ya ndoo. Unakoroga kwa nguvu kidogo, kisha polepole kwa muda mrefu mpaka mkono uchoke, halafu unafunika na kwenda zako. Ukirudi baada ya saa moja na zaidi, uchafu umeshikana na kuzama, na juu yamebaki maji ambayo huwezi kuamini yalikuwa ya ng'ombe. Niliyachota ya juu kwa kata bila kuitikisa ndoo, nikayapitisha kwenye kanga safi iliyokunjwa mara nne, ndipo nikayaweka motoni. Na motoni sikutaka mvuke tu, nilitaka yatokote mpaka kifuniko kicheze, na kiendelee kucheza wakati mimi naosha vyombo. Yakishapoa hayaguswi na mkono wala kikombe cha mtu. Mpimaji mmoja aliwahi kuchovya kikombe chake kwenye ndoo yangu, nikaimwaga yote mbele ya macho yake na kumkabidhi dumu akajaze upya lamboni.

Walinicheka na walinipenda. Wakaanza kuniita Daktari. Kiangazi chote hakuna aliyeshika tumbo, na wageni wakija Bwana Elia alikuwa akiwaambia kwamba bila huyu mama hakuna ramani ingetoka. Nilijisikia, sifichi. Nilikuwa natembea kambini kifua mbele, kata mkononi, na mtu akiniomba maji nilimpimia kama ninayempa dawa.

Mwanzoni mwa vuli tulihamishiwa Bungu, milimani, wilaya ya Korogwe. Sikuwahi kuipanda milima ile. Nilishuka garini nikiwa nimevaa koti la Rajabu, meno yanagongana, na kitu cha kwanza nilichosikia ni maji. Kwetu maji hayana sauti mpaka uyamimine, lakini kule yalikuwa yanapiga kelele yenyewe chini ya migomba, mchana kutwa, bila mtu kuyashughulikia. Chemchemi ilikuwa hatua chache chini ya kambi. Ilitoka kwenye mwamba wenye kuvu ya kijani, ikajaa kwenye kishimo, na ndani ya kishimo ungeweza kuhesabu kokoto moja moja. Nilichuchumaa pale nikalia. Nililia kwa ajili ya migongo ya mama zetu na madumu yote waliyobeba, wakati huku maji yanamwagika tu.

Bwana Elia hakubadili sheria yake. Alisema kuchemsha ni pale pale, na kwa siku ambazo kuni zingelowa alinipa vidonge vya kutia kwenye dumu na kusubiri nusu saa. Nilivionja siku moja. Maji yalinukia sakafu ya zahanati iliyotoka kupigwa deki. Niliona ni kuyatukana maji yale.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na ni kosa la mtu wa Handeni hasa. Sisi uchafu wa maji tunaujua kwa macho. Tangu utoto tunapigana na tope, na tope likiisha tunajua tumeshinda. Hakuna aliyetufundisha kuyaogopa maji yanayong'aa, kwa sababu hatukuwa nayo. Kwa hiyo wenzangu tisa niliwachemshia kama nilivyoagizwa, au niliwatilia vidonge, huku nikinung'unika. Mimi mwenyewe kila alfajiri nilishuka chemchemini, nikakunja viganja na kunywa mpaka meno yakafa ganzi. Yalikuwa matamu, na mpaka leo sijui maji mengine matamu kama yale. Juu ya mwamba kulikuwa na njia ya ng'ombe na mashamba ya kabichi, na juu zaidi nyumba za watu na vyoo vyao. Niliviona vyote kila siku wala havikuniambia kitu. Nilikunywa hivyo zaidi ya wiki mbili.

Ugonjwa ulianza na kichwa. Halafu homa, asubuhi ndogo, jioni kubwa, na kila jioni ikizidi ya jana. Nilijidanganya kuwa ni baridi ya mlima. Nilinunua vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa, nikameza vichache, nikajisikia nafuu, nikaacha. Siku ya sita nilishindwa kuinua sufuria ya uji. Ulimi ulikuwa mzito, tumbo limejaa na halitaki kufanya kazi, na harufu ya vitunguu ilinifanya nitamani kufa. Bwana Elia alinikuta nimekaa chini kando ya moto ambao ulikuwa umezimika.

"Mama Asha, panda gari."

"Na chakula cha mchana?"

"Tutakula mkate. Panda gari."

Kutoka Bungu mpaka Korogwe mjini ni kuteremka, na kila kona niliisikia tumboni. Hospitali ilikuwa imejaa. Kama unaumwa homa ya aina hii, nakuambia mapema kwamba benchi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Huwezi kukaa wala kulala, na jina lako haliitwi. Korogwe ni joto, mimi nilikuwa nimejifunga blanketi natetemeka, na watu wakasogea kidogo kidogo mpaka benchi zima likawa langu. Bwana Elia alisimama karibu yangu saa zote zile akiwa ameshika kadi yangu. Hakuketi hata mara moja, wala hakutazama saa, na mtu yule si ndugu yangu.

Daktari alikuwa binti wa rika la Asha wangu, mpole, macho yamechoka. Aliuliza mengi, kisha akauliza, "Maji ya kunywa mnapata wapi, mama?"

"Chemchemini. Tunachemsha."

Kabla sijameza mate Bwana Elia akadakia. "Daktari, kwa maji huyu mama hana mpinzani. Sisi tisa wote tunakunywa ya mkono wake, na wote tuko wazima."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika. Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa mafupi: mimi nilikunywa mabichi. Lakini mtu ameshanisifia mbele ya daktari, na mimi ndiye Daktari wa kambi, nikaona aibu. Akaniuliza kama nimetumia dawa yoyote, nikasema hapana, kwa sababu uongo mmoja ukishatoka wa pili hauna kazi. Malaria haikuonekana. Vipimo vingine havikusema kitu cha kueleweka. Nikalazwa, nikawekewa dripu, nikapewa dawa za kutuliza, na homa ikaendelea kupanda kila jioni.

Nani angeniuguza? Mama yangu ni mzee na miguu yake imevimba. Asha alikuwa amejifungua wiki ile ile, mbali, kwa wakwe zake. Rajabu alikuja siku ya pili akiwa na dumu la maji aliyochota njiani sijui wapi, akaniambia ninywe nipate nguvu. Muuguzi alimnyang'anya. Mwanamume ana wake wawili na hajawahi kujua sufuria inafunikwaje. Akasimama miguuni pangu akikunja kofia yake, akasema, "Nitamtuma Zaina."

Nikageukia ukutani.

Zaina ni mke mwenzangu, mke mdogo, mtu wa Magoma. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na miwili kwenye ndoa yetu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kunywa maji nyumbani kwake. Hakunikosea. Ndivyo tulivyolelewa, wake wenza hawanywi kwenye mtungi mmoja, kwa sababu huwezi kujua mwenzio ametia nini. Nilikwenda kwake msibani na kwenye ngoma za watoto, nikakaa mkekani nikaondoka na kiu yangu. Naye kwangu alifanya vivyo hivyo. Tulisalimiana vizuri sana.

Alifika na sufuria moja yenye kifuniko, chupa ya chai, kikombe cha bati, na kanga mbili. Akaniamkia, "Shikamoo, dada," akanigeuza, akabadilisha shuka, akanifuta mgongo kwa maji ya vuguvugu. Mikono yake ilikuwa myepesi. Kisha akanimiminia maji kwenye kikombe.

"Weka hapo," nikamwambia.

Jioni yalikuwa pale pale. Mama yangu alipiga simu, nikasikia sauti yake ikitoka nje ya simu kwa wodi nzima: "Usinywe kitu mkononi mwake! Umesikia, Mwajabu?" Zaina alikuwa amekaa miguuni pangu. Alisikia kila neno, akaendelea kukunja nguo.

Kesho yake midomo yangu ilikuwa imepasuka na kutoa damu. Muuguzi aliponiuliza kwa nini sinywi, nikasema sina kiu. Zaina akainuka, akachukua sufuria yake, akatoka. Kitanda changu kilikuwa dirishani, na dirisha linatazama ua wa nyuma, wanakopikia ndugu za wagonjwa. Wenzake wote walikuwa wamewasha moto chini ya paa. Yeye alibeba mafiga matatu mpaka juani, mbele ya dirisha langu, akawasha moto pale. Akaniita kwa sauti, "Dada, nimewasha hapa ili unione."

Nikaona kila kitu. Alikinga maji ya bomba, akayachuja kwenye kanga ingawa yalikuwa safi, akayaweka motoni. Yalipoanza kutokota hakuyaepua. Aliyaacha kifuniko kikicheza, jasho linamtiririka, mikono ameiweka magotini mahali ninapoiona. Mimi niliyewafundisha wanaume tisa nidhamu ya maji sikuwahi kuona mtu anachemsha kwa heshima ile. Akaja na sufuria ikiwa imefunikwa, akaiacha ipoe karibu na kichwa changu, wala hakuondoka. Yalipopoa akamimina kikombe, akanywa nusu mbele yangu, akanipa nusu.

Nikanywa. Nililia ndani ya kikombe, naye akajifanya anatazama nje.

Siku zote zilizofuata alifanya hivyo hivyo, kila kikombe, bila kuniuliza kama bado ninamshuku. Mchana wa kikombe kile cha kwanza aliketi akaniambia habari za kwao. Alisema Magoma wako bondeni, milima imewazunguka, na mito inawafikia ikiwa safi mpaka unaona mchanga.

"Lakini sisi tunajua inakopita, dada. Juu kule kuna watu wanaoga, wanafua, na ng'ombe wao wanavuka. Maji yanatufikia yamependeza. Wadogo zangu wawili walilazwa kwa maji hayo hayo yaliyopendeza, mmoja hakurudi nyumbani."

"Pole. Sikujua."

"Hukuuliza." Hakusema kwa ubaya. Akanisogelea. "Sasa mimi nakuuliza. Wenzako tisa ni wazima. Wamekunywa ya jikoni kwako. Unaumwa wewe peke yako. Wewe ulikunywa ya wapi?"

Daktari alisikia habari za watu tisa wazima akaona maji hayana kosa. Zaina, aliyeishia darasa la saba, alisikia habari hizo hizo akaona kosa liko wapi. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngozi ya ngoma, na nilikuwa nimeanza kuona watu ambao hawapo wamesimama mlangoni.

"Ya chemchemi," nikasema. "Kila alfajiri. Usimwambie Bwana Elia."

"Kwani Bwana Elia ndiye anayekutibu?"

Nikacheka, na kicheko kiliniuma tumbo lote. Kisha nikamwambia na habari ya vidonge vya rangi mbili. Akainuka pale pale, akajitanda kanga, akaenda kumtafuta daktari, na alirudi naye. Lakini hakunisemea. Alisimama kando ya kitanda, akanishika kiganja, akasema, "Dada yangu ana neno." Ikabidi niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, na wodi inasikia.

Yule binti hakunigombeza. Aliuliza upya kila kitu, akanibonyeza tumbo polepole, uso wake ukabadilika. Aliniambia ni homa ya matumbo, kwamba vile vidonge vichache viliificha kwenye vipimo, na kwamba ningeendelea kunyamaza siku mbili tatu zaidi, utumbo ungeweza kutoboka, na hapo tungekuwa tunazungumza habari za kisu, au tusizungumze kabisa. Kisha akaandika sindano za mshipani, moja kila siku, kumi na nne.

Mimi tangu hapo nahesabu maisha yangu kwa sindano zile. Ya kwanza na ya pili sikuona tofauti, nikakata tamaa. Usikate tamaa, ndivyo zilivyo. Ya nne homa iligoma kupanda jioni, na Zaina akaweka mkono kwenye paji langu mara kumi kama anayegusa sufuria iliyopoa. Ya sita nilitokwa jasho mpaka godoro likalowa, nikalala bila kuota. Ya nane niliomba uji. Zaina aliukoroga mwepesi sana, akaupuliza, akaonja kijiko cha kwanza kwa mazoea, nikamwambia sasa acha kuonja, unanimalizia uji wangu. Ya kumi nilijaribu kusimama na miguu ikanikatalia. Mapaja yalikuwa yamekwisha, kanga iliyokuwa ikinitosha mara moja na kidogo ilinizunguka mara mbili. Nilitembea mpaka mlangoni nikiwa nimemshika begani, nikarudi nimechoka kana kwamba nimelima ekari.

Rajabu alikuja siku ya sindano ya kumi na moja. Alitukuta tumekaa kitandani, wake zake wawili, tunacheka mtu fulani wa ukoo wake ambaye sitamtaja. Alisimama mlangoni kwa hofu ya kweli. Alitoka nje, na baadaye muuguzi akatuambia mzee wetu alikuwa analia kwenye kona ya ukuta. Zaina akamfuata akampeleka kwenye moto, akamwonyesha jinsi ya kuchemsha maji, kuanzia kunawa mikono. Nilitazama dirishani. Alichemsha kama mtu anayelinda benki.

Bwana Elia naye nilimwambia. Nilikuwa nimeliogopa jambo hilo kuliko sindano. Alikuja na machungwa, nikamweleza yote kabla hajaketi.

"Kwa hiyo ulidhani nitakufukuza kazi?"

"Hapana."

"Basi uliogopa nini?"

"Niliogopa kuacha kuitwa Daktari."

Alimenya chungwa. Akasema na yeye ana kosa, kwa sababu alijibu swali ambalo hakuulizwa. Akanipa chungwa lile, kisha akasema kazi yangu iko pale pale nitakapopata nguvu, ila nami nitakunywa ninayowapa wengine. Nimekutana na wakubwa wengi wa kazi, na wachache sana wanaokubali kugawana kosa na mpishi.

Sina ugomvi na Bungu wala na chemchemi ile. Maji ya mlimani ni ya kusifiwa, na wewe unayekwenda kupiga kambi kule, au unayekwenda porini kufuata nyuki au mpaka wa kijiji, yasifie kwa macho. Yasikilize, nawa uso, halafu yaweke motoni mpaka yatokote sawasawa. Kuni zikilowa tia kidonge na usubiri muda wake, harufu haiui mtu. Ya tope yatulize kwanza na uyachuje, maana moto na vidonge havipendi tope. Lakini yaliyong'aa nayo ni maji tu, yamepita mahali kabla ya kukufikia.

Nilirudi nyumbani kabla ya masika. Mama yangu hajamaliza kushangaa, ila siku aliyokuja kunitazama alipokea maji kutoka kwa Zaina, akayatazama, akanitazama mimi, akanywa. Nilimwona anafumba macho.

Masika yalipoanza nilirudi Korogwe kumwona daktari, Zaina akanisindikiza. Wakati ule nywele zangu zilikuwa zimeanguka karibu zote. Zilianza kudondoka mwezi mmoja baada ya sindano, zikitoka kwa mafungu kwenye mto, na hakuna aliyenitahadharisha. Nakutahadharisha wewe, zinarudi. Tulikaa kwenye benchi la wanawake. Pembeni yangu alikuja kukaa mama mmoja aliyetoka kwenye chumba cha daktari, ameshika karatasi ya vipimo, blanketi mabegani katika joto lile. Alisema anatoka kambi ya wachoma mkaa. Nikamuuliza ameambiwaje.

"Ameniuliza maji. Nimesema tunachemsha." Akacheka kidogo, kwa chini. "Nani achemshe maji porini, dada yangu? Lakini ningemwambia angeniona mshamba."

Homa ilikuwa inatoka mwilini mwake, niliisikia bila kumgusa. Nilimtazama Zaina. Alinitazama tu, kama alivyofanya siku ile kando ya kitanda aliponiachia niseme mwenyewe.

Nikafungua kilemba changu pale pale kwenye benchi, mbele ya wanawake wote, nikakiweka mapajani.

"Na mimi nilisema tunachemsha," nikamwambia.

Alikitazama kichwa changu kwa muda. Kisha akajishika tumbo, akainuka na karatasi yake, akarudi kugonga mlango wa daktari.